Nilivyokataa Kushusha Rido

Wamama zangu, kwa muda mrefu nilikana kwamba mume wangu amekufa. Naanza hapo, kwa sababu nikianzia mbali nitawachekesha, mtapiga makofi, nami nitarudi kukaa bila kusema lililonileta. Nilikana mbele ya mchungaji, mbele ya shemeji zangu, mbele ya wateja. Aliyeniuliza, "Na baba wa nyumba?" nilimjibu, "Yuko Salamabila, anapima madirisha." Nilisema hivyo msimu mmoja wa mvua ukapita, ukaingia mwingine. Salamabila yote haina madirisha mengi hivyo.

Wengi wenu mnaniita Mama Rido. Wachache wanakumbuka kwamba nilisoma chuo kikuu. Nawaambia mapema ili mnisamehe nikisema kwa maneno kumi jambo la maneno mawili. Nilirudi Kasongo na diploma yangu, nikafundisha, nikawa naandika makala. Msomaji wangu mwaminifu alikuwa mume wangu, na yeye usingizi ulimchukua kila mara kwenye ukurasa wa pili.

Yeye alikuwa seremala. Alitengeneza viti imara, vya kukalia kwa adabu. Ukikaa sana, mifupa inalalamika. Kwa ajili ya mifupa yangu mwenyewe nilishona mito. Baada ya mito nikashona vitambaa vya meza, kisha rido, mapazia ya mlango na dirisha. Siku moja jirani alikuja kutusalimia, akakaa, akakataa kuinuka.

"Kiti hiki ninaenda nayo," akasema.

Tulifikiri anatania. Akaenda nacho, na mto wake juu ya kichwa.

Ndivyo duka lilivyoanza. Hatukuwa na chumba kingine, kwa hiyo saloni yetu ya kupokea wageni ndiyo ilikuwa duka, na sisi tuliishi katikati ya bidhaa. Mgeni angekuwa amekaa, mteja angeingia, tungemwomba mgeni asimame kwa sababu kiti chake kimeuzwa. Katekista mmoja, nawaambia, alimalizia chai yake amesimama kama askari. Rido tulizipeleka nyumbani kwa mteja tukazitundika wenyewe. Mume wangu alipanda juu ya meza, mimi nikasimama mlangoni kutoa amri.

"Kushoto iko chini."

"Mama, ukuta ndiyo iliinama. Rido iko sawa."

"Pandisha kushoto."

Alipandisha. Tulipotoka nje alininong'oneza, "Sasa nyumba yao yote imeinama," nasi tukacheka hadi barabarani.

Mnajua desturi yetu. Mtu akifa, nyumba inavuliwa: viti vinatoka nje, rido zinashushwa, mikeka inatandikwa, tunakaa chini na kulia. Siku ya kuondoa kilio, nyumba inavalishwa tena. Mimi ndiye niliyewazoesha watu wa mitaa hii kuivalisha kwa rido mpya. Nilizunguka kwa wajane na mita yangu ya kupimia shingoni, nikiwaambia, "Mama, nyumba isibaki uchi, maisha yanaendelea." Nilisema hayo nikiwa nimebana pini kwa meno. Ukiwa na pini mdomoni ni rahisi sana kusema maisha yanaendelea.

Basi mfanyabiashara mmoja wa Salamabila alijenga nyumba kubwa, akataka rido za nyumba nzima. Mume wangu alifunga bunda kwenye pikipiki, akashika njia ya Wamaza, kwao. Alilala kwa mama yake, akaondoka asubuhi. Mbele kulikuwa na mto uliojaa. Walipakia pikipiki katika mtumbwi pamoja na watu, na mtumbwi ukapinduka. Wenzake walitoka. Bunda letu lilifunguka, na watu wakazikuta rido mbali kule chini, zimetanda juu ya matawi kana kwamba mtu amezitundika. Yeye hawakumwona.

Hapo nilitumia shule yangu yote. Nikasema: hakuna maiti, hakuna ushahidi. Nikasema: kama rido zilifika kando ya mto, mtu anayejua kuogelea atashindwaje? Ndugu zangu, mume wangu alikuwa hajui kuogelea. Nilijua hajui. Nilisema tu kwamba anajua, na niliposema mara nyingi nikaanza kumwona anaogelea.

Shemeji yangu alikuja kutoka Wamaza.

"Shemeji, tuanze kilio."

"Kilio ya nani? Hapa ni duka. Mukitoa viti inje, watu watafikiri nimefunga."

"Watafikiri umefiwa."

Nilimpa chai, nikamwonyesha mito mipya. Alikunywa, akarudi Wamaza.

Nilichokuwa sitaki kukisikia ni hiki. Kwa watu wa mume wangu, kilio cha mwanaume aliyeoa kinaanzia nyumbani kwake, na mke ndiye anayesema neno la kwanza. Kabla hajasema, mama mzazi hawezi kulia kwa sauti. Akilia, atakuwa anamwitia mwanawe kifo. Kwa hiyo mimi nilipokuwa Kasongo nikipanga vitambaa kwa rangi, kule Wamaza mama mmoja mzee alikuwa amefunga mdomo kwa sababu yangu. Nilikuwa nimeshika machozi ya mtu mwingine, nikaliita jambo hilo matumaini.

Duka lenyewe lilianza kuchoka. Viti vilipungua, na aliyevitengeneza hayupo. Rido nilitundika peke yangu, zikainama kweli, na hakukuwa na wa kusingizia ukuta. Wateja waliniambia, "Si kitu, Mama Rido." Huruma yao ilinitia hasira nikapandisha bei.

Kisha akaja mama mkwe. Alishuka kwenye pikipiki ya abiria mbele ya mlango, matope hadi magotini. Aliingia, akapita viti vyote, akakaa chini sakafuni.

"Mama, kaa kwenye kiti."

"Viti ni ya kuuzisha. Na mimi nimekuya kununua."

"Kununua nini, mama?"

"Rido. Ya siku ya kuondoa kilio."

"Nani alikufa kwenu?"

Aliniangalia. "Wewe ndiye utaniambia, mukamwana."

Mnajua nilifanya nini? Nilichukua mita. Mikono ilikuwa imezoea.

"Madirisha ni ngapi, mama?"

"Moja. Ile alinitengenezea."

"Upana wake?"

Akafungua mikono. "Hivi."

Nilipiga magoti mbele yake ili nipime, na mikono yake ikabaki wazi hivyo, upana wa dirisha, upana wa kifua cha mtu mzima. Mita ilinianguka. Hakuishusha mikono.

"Nimechoka, mwanangu," akasema polepole. "Ninalia tu wakati ninatwanga, juu majirani wasikie mchi, si mimi."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema papo hapo. Sikusema. Nilimkumbatia, naye akapanda pikipiki akarudi Wamaza bila rido. Nilibaki nimesimama dukani. Kwa mara ya kwanza niliona viti vile vilivyo: vya mtu ambaye hatatengeneza vingine.

Nataka kushukuru sasa, kwa sababu sehemu inayobaki nikishaisema sitaweza tena kusema lolote. Asanteni ninyi mliokuja kubeba viti vyangu nje siku ya kilio ilipofika, Wakristo na Waislamu, hata mliolipishwa bei ya hasira yangu. Asante mama uliyeshusha rido zangu moja moja na kuzikunja vizuri, huku mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka. Asante mzee seremala wa mtaa wa chini, ambaye sasa ananitengenezea viti, na ambaye hajajaribu hata siku moja kuviiga vya yule. Duka limefunguliwa. Mjane akiniita leo, natoa pini mdomoni kwanza. Nakaa naye chini. Rido zinaweza kungoja, nami simwambii kwamba maisha yanaendelea. Atayaona mwenyewe yakiendelea, na siku hiyo yatamchukiza. Fundisho langu ni hilo tu. Kama kuna neno ambalo mwenzako anangojea mdomoni mwako ili aweze kulia, mpe. Usimfanye alie kwa kujificha.

Sasa sehemu iliyobaki, ile simu: nilimtumia shemeji ujumbe kwamba niko tayari kusema na mama.

Wamaza mtandao haukamati kila mahali. Shemeji alimpeleka mama mahali pa juu kidogo, akanipigia, akampa simu. Nilikuwa nimetayarisha maneno, mnanijua.

"Alo, mama. Nilikuwa nataka kukueleza kwamba, tukiangalia vile mambo iko, na muda vile umepita..."

"Mukamwana. Sema."

"Mama," nikasema, "bwana yangu amekufa."

Nilisikia upepo kwenye simu. Halafu nikamsikia yeye, sauti ambayo sikujua kama mwili mdogo vile unaweza kuitoa, na nyuma yake wanawake wa kwao wakiipokea, mmoja, mwingine, kijiji kizima. Nilitaka kukata, nimwachie nafasi.

"Usikate," akasema katikati ya kilio. "Lia na mimi."

Tukalia mpaka unité za simu zikaisha.