Fundi Misumari na Gari Lisilo na Bima

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya salamu, kiapo. Yote mtakayosikia leo ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, ulimi huu na ukauke kama kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. Nimeapa. Fundi mitambo wangu, kule nyuma ya kioo, anacheka. Msimjali. Huyo hucheka hata nikisoma matangazo ya vifo.

Leo tunamkumbuka fundi makochi. Mtaani wakimwita Misumari. Misumari, fundi makochi, ametutoka mwezi uliopita kwa homa ya mapafu. Mjane wake ninaye hapa studio. Amekaa wima, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda basi lenye wezi. Karibu, mama.

"Nimekaribia," anasema mjane. "Endelea."

Kwa nini Misumari? Wasikilizaji, fundi makochi hakupewa mkono wa tatu. Mmoja unavuta kitambaa, mwingine unashika nyundo. Misumari ikae wapi? Mdomoni. Ulimi unaisukuma nje mmoja mmoja, kama mtu anayetema mbegu za tikiti. Marehemu alikuwa akitia arobaini kwa mkupuo.

"Saba," anasema mjane.

Saba. Lakini saba mirefu.

"Mifupi."

Saba mifupi, wasikilizaji. Na kwa saba hiyo hiyo aliongea kutwa. Mteja alisikia "mm-hmm-mm" tu, mama huyu akatafsiri: anasema springi zimechoka, anasema sponji hii ni ya godoro la mtoto, anasema bei haipungui. Hata posa aliileta mwenyewe akiwa na misumari mdomoni. Hapo mjane hanikatizi. Anatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza leo. "Nilimwambia ateme kwanza," anasema. "Nisije nikakubali kumbe nashonewa kiti."

Basi palitokea nini? Palitokea dereva. Shikeni neno hilo: dereva.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, saa tatu asubuhi, jua limetoka, barabara nyeupe. Misumari alibeba kochi la mtu mmoja kichwani, akimpelekea mteja ng'ambo ya barabara. Misumari saba mdomoni, kwa mazoea. Mkewe alimfuata nyuma na mto wa kochi kifuani. Walisimama. Walitazama kulia, wakatazama kushoto. Mwanamke huyu aliona gari kwa mbali akajua litapunguza mwendo, maana mtu mwenye macho atakosaje kuona sebule inavuka barabara?

Halikupunguza. Yule mpuuzi alikuwa ameinama anatafuta miwani yake chini ya kiti. Na miwani, wasikilizaji, alikuwa ameipandisha kichwani!

Kochi liliruka juu ya paa la gari, likapinduka mara tatu, likatua ng'ambo kwa miguu yote minne. Paka akaja akalikalia.

"Liliangukia mtaroni," anasema mjane. "Paka hakuwepo."

Mtaroni, basi. Lakini mume wake alikuwa chini, katikati ya barabara, na mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Hakupiga kelele. Alifumba midomo tu. Mkewe alidhani ni ushujaa. Kule hospitali muuguzi alipomwambia afumbue kinywa, alimgeukia mkewe, akamwomba kiganja kwa macho. Akatema. Mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Gari lilikuwa limembeba na kumbwaga, na hakumeza hata mmoja.

Na dereva je? Dereva aliteremka, tumbo likatangulia, masharubu yakafuata kama ufagio uliochakaa. Hakumtazama mtu aliyelala chini. Alitazama taa ya gari lake. "Kochi lenu limenivunjia taa! Nani kakutuma kubeba sebule kichwani?"

Mwanamke huyu alikuwa bado ameukumbatia mto. "Na wewe nani kakutuma kuendesha huku umeinama kama kuku anayedonoa?"

Askari wa barabarani akaja. Akalizunguka gari polepole, kama mnunuzi wa ng'ombe. Akafika kwenye kioo cha mbele, pale panapokaa stika ya bima. Stika ilikuwepo. Ya duara, imekatwa vizuri kwa mkasi. Askari akasogeza pua kwenye kioo. Akasoma. Akasoma tena. "Mzee," akasema, "hii si bima. Hii ni stika ya matangazo."

"Ya matangazo ya nini?" mjane ananiuliza sasa hivi, hapa hapa studio.

Ya kitu fulani, mama. Tuendelee.

Wasikilizaji wapendwa, nirudie ili tusipotezane. Gari halikuwa na bima. Bima ilikwisha miezi tisa kabla. Gari lenye bima likimgonga mtu, ipo kampuni ya kudaiwa: matibabu, mkono, kazi iliyosimama. Gari lisilo na bima likimgonga mtu, anadaiwa dereva mwenyewe, na dereva ana miguu. Mahakama ilimtoza faini. Faini ikaenda serikalini. Mkono wa Misumari haukuona hata ndururu. Ndipo yule bwana akaandika karatasi mbele ya askari, kwa mkono wake, kwamba atalipia kila kitu. Akatia sahihi ndefu yenye mikia, kama ya waziri.

Chuma cha kuunga mfupa hakikungoja sahihi. Misumari aliuza cherehani yake, ile nzito ya kushonea ngozi na turubai. Chuma kikaingia mkononi, mfupa ukaunga, vidole vikakataa. Mkono haukuweza tena kushika nyundo. Miaka minne aliuweka mfukoni, kama kitu alichoazimwa.

Basi nyundo ikashikwa na mke. Marehemu alikaa kwenye kigoda, misumari mdomoni, mkono wa kushoto ukivuta kitambaa. Mama huyu akapiga. Mara ngapi ulimpiga vidole, mama?

"Nyingi. Alikuwa anasema 'mm' tu. Nilijua ni tusi. Na nilijua siye mimi ninayetukanwa."

Bila cherehani, vitambaa vikawa vinashonwa kwa watu. Vinachelewa, vinarudi vimepinda, wateja wakahama mmoja mmoja. Sasa mwenye nyumba amemwambia mjane huyu: karakana isiyo na cherehani ni stoo, na stoo mwanangu anaihitaji. Mwisho wa mwezi, aone cherehani imefungwa pale au apewe ufunguo. Mwisho wa mwezi ni Alhamisi.

Dada mkubwa wa marehemu nilipomtembelea kuandaa kipindi hiki, hata maji hakunipa. Alinitazama sana, kisha akasema, "Siku akifa huyo dereva wasihangaike kunialika. Nitakwenda mwenyewe, nihakikishe."

Mimi namuunga mkono. Wasikilizaji, mtu gani yule? Mtu wa kukata stika kwa mkasi asubuhi, akaibandika kiooni kwa mate, akasimama nyuma akaisifia! Mtu wa kubadilisha namba ya simu, akahama na nyumba! Mtu asiye na haya, asiye na shukrani. Na katika miaka minne alikwenda kumwona mgonjwa mara moja tu. Mara moja! Ingawa, tumpe haki yake, hakwenda mikono mitupu. Alibeba gunia zima la machungwa.

"Manne," anasema mjane.

Mama, manne tena?

"Machungwa manne. Mawili yameoza."

Hapana! Mama, hapo umenionea. Yalikuwa sita, na hakuna lililooza, mwenyewe niliyachagua moja moja kwa mwuzaji, nikayabonyeza, nika...

Wasikilizaji wapendwa.

Fundi mitambo ameacha kucheka.

"Hatimaye," anasema mjane. Anafungua ule mkoba. Anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, anaikunjua mezani, anainyoosha kwa kiganja. Ile sahihi naiona kutoka hapa. Ina mikia.

"Namba ulibadilisha," anasema. "Nyumba ukahama. Masharubu ukanyoa. Sauti ukaisahau. Na ile stika waambie watu, ilikuwa ya matangazo gani?"

Ya kipindi hiki.

"Sema kwa nguvu. Kuna bibi anayesikiliza redio jikoni, hajasikia."

Ya kipindi hiki!

"Kila wiki tulikuwa tunakusikiliza karakanani, mimi na marehemu. Nilitaka nije na askari. Marehemu akakataa. Alisema askari watakufungulia mlango wa kutokea, kama mara ya kwanza. Alisema, mwache, yule hawezi kuiona hadithi akaipita. Mpe hadithi yake mwenyewe mbele ya watu, ataimaliza. Basi wifi yangu akamwandikia meneja wako barua, kwamba marehemu akumbukwe kipindini."

Nami nilidhani barua imeletwa na bahati mbaya. Nilidhani bila masharubu hakuna atakayenijua.

Sina cha kubisha, wasikilizaji. Shilingi nilizonazo hazifikii hata sindano ya cherehani ile. Lakini gari ninalo. Lile lile. Mlio mnaousikia ni funguo zinatua juu ya meza. Mama, lichukue. Liuze kesho, cherehani irudi kabla ya Alhamisi. Fundi mitambo ni shahidi, na ninyi nyote ni mashahidi.

Mjane anazitazama funguo. Hazigusi.

"Lina bima?" ananiuliza.

Wasikilizaji wapendwa, niliapa mwanzoni.

Hapana, mama. Halina.

"Hata leo?"

Hata leo.

"Basi barabarani halitembei kwa injini," anasema, na sasa anazichukua funguo. "Nitashika usukani mimi. Wewe utasukuma mpaka karakanani. Wifi yangu yuko nje. Amekaa juu ya boneti tangu ulipoanza kuapa."

Kwa familia ya Misumari, kwa mjane wake, kwa dada yake aliye juu ya boneti, nawapa pole. Nilipaswa kuitoa miaka minne iliyopita, pale barabarani, badala ya kutazama taa. Na wewe unayenisikiliza huku gari lako limeegeshwa uani, toka ukatazame kioo cha mbele. Usiniambie iko. Isome.

Muziki utapigwa na fundi mitambo. Mimi naondoka. Kutoka hapa mpaka karakana ni mwendo wa saa nzima, na katikati kuna kilima. Mkikutana na mzee mwenye tumbo anasukuma gari, akaanza kuwaeleza kwamba ameharibikiwa njiani, msimwamini.

Na msimsaidie.