Kumuaga Ndugu Chenge, Aliyetuondolea Foleni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Ndugu Mkurugenzi wa Mfuko wa Tegemeo, uliyetoka Dodoma kuja kumuaga mtumishi wako; Baba Paroko na Sheikh, mliotufungulia kwa dua; watumishi wa Mfuko; Ndugu Alexander Chenge na mama yetu Modesta, wenye shughuli yao; na ninyi wastaafu wenzangu, mliojibana huko nyuma kama kawaida yenu ilhali viti vya mbele viko wazi: mwangaluka! Ahaa, kwa salamu ya Kisukuma mmeitika. Walionizidi umri, shikamooni. Nikiwatazama naona mmebaki wachache sana wa kuniitikia marahaba.

Kwa wasionifahamu, naitwa Bernadeta Mashimba, naishi Kiseke. Nilikuwa mwendesha swichibodi hapa Mwanza, enzi ambazo mtu akitaka kuongea na ndugu yake wa Tabora ilimbidi apite kwanza kwenye masikio yangu. Waya zile zimeshatupwa, lakini masikio ninayo. Mtu akisema neno moja tu, najua kama jana alilala na njaa, kama anaumwa, au kama anamdanganya mkewe. Ndugu Mkurugenzi, usiogope, leo sikusikilizi kwa ajili hiyo.

Mshereheshaji amenisihi nisiongee sana, tena niwe mchangamfu. Hilo la kwanza nitajitahidi. Hilo la pili, wanangu, mnisamehe, maana nimeingia humu ukumbini nikaona alama za chaki ukutani, nikauliza ni za nini, nikaambiwa ni vipimo vya mpangaji mpya. Anataka kufungua duka la magodoro. Kwa hiyo leo tunaaga wawili, Ndugu Chenge na ukumbi huu, na mimi sijui nimlilie yupi kwanza.

Nianze na haki ya Ndugu Chenge, maana anayo. Ninyi vijana mlioajiriwa juzi hamuwezi kujua palikuwaje hapa. Kila mwaka, mstaafu wa Kanda hii ya Ziwa alitakiwa aje mwenyewe, kwa miguu yake, aonekane kuwa yu hai, ndipo pensheni yake iendelee. Mzee Makame wa Ukerewe, Mungu amrehemu, alikuwa amepooza. Wanawe walimvusha kwa kivuko, wakampandisha ngazi zile za nje akiwa juu ya kiti cha jikoni, wakamtua hapo lilipo shada la maua, ili karani amtazame na kusema, naam, anapumua. Je, hiyo ilikuwa heshima? Je, mtu aliyelitumikia taifa mpaka mgongo ukapinda alistahili kubebwa hivyo mbele za watu ili athibitishe kwamba hajafa?

Ndugu Chenge aliyaona hayo, akakasirika. Nilimpenda kwa hasira ile. Alipopewa kazi ya kujenga mfumo wa kompyuta wa nchi nzima, alikuja hapa akiwa na nywele nyeusi, mtazameni leo. Majalada yaliletwa kwa malori kutoka Bukoba, Musoma, Bariadi, mengine yameloa, mengine yameliwa na panya, mtu mmoja ana majalada mawili, na watu wawili wamebanwa kwenye jalada moja kama wachumba. Yeye na vijana wake waliyapitia moja moja. Umeme ukikatika wanasubiri, ukirudi wanaanza upya. Wachimba barabara wakakata mkonga wa mtandao kule njia ya Magu, kazi ya siku nzima ikapotea, akatoka nje, akasimama pale kwenye ngazi, akaniambia, "Mama, leo nimeshindwa hata kutukana." Nikampa uji, akanywa, akarudi ndani.

Na mfumo ukasimama imara. Tuseme ukweli wa Mungu, ukasimama! Jirani yangu alifiwa na mumewe, akalipwa mafao kabla hata ya arobaini. Zamani angezungushwa mpaka watoto waache shule. Leo mstaafu wa kule visiwani anaishika simu, anaitazama, anafumba macho na kufumbua, anageuza shingo kushoto na kulia, na simu inamwandikia kwamba uhakiki wake umekamilika. Hakuna kivuko, hakuna ngazi, hakuna kiti cha jikoni. Mpigieni makofi huyu mtu. Mpigieni vizuri, msimpigie kama mnafukuza mbu!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kabla hajaanza kujenga, alituita wastaafu humu humu, akasimama na kalamu yake, akatuuliza tunataka nini. Watu gani wengine wa kompyuta wamewahi kuwauliza wazee wanataka nini? Tukamwambia, tuondolee foleni. Tuondolee safari. Tuondolee kuzungushwa. Naye akatuondolea vyote, kimoja baada ya kingine, kama alivyoahidi. Lakini lipo jambo moja ambalo halikutajwa na mtu yeyote siku ile, kwa sababu hatukujua kama ni jambo. Ni kule kuitwa majina.

Wageni mtashangaa. Siku ya uhakiki karani alisimama mbele na kuita, na kila mmoja aliitikia "Nipo!" Ndivyo ilivyokuwa. Ila sisi wenyewe, bila kuagizwa na ofisi, tulikuwa na desturi yetu. Jina likiitwa mara tatu na pakawa kimya, wawili kati yetu waliinua mikono na kusema, "Tutamfuata." Na walimfuata kweli. Kabla wiki haijaisha walikuwa wamefika mlangoni kwake, awe Sengerema awe Kwimba, kumtazama kwa macho yao kuna nini.

Mzee Bashiru yupo kule nyuma, amekaa na magongo yake. Mzee Bashiru, nyanyua mkono wakuone. Huyu alikuwa fundi seremala wa karakana ya reli. Mwaka mmoja jina lake liliitwa, kimya. Aliyeinua mkono ni Mzee Masalu Luhende, aliyekuwa akipaka grisi mitambo ya meli, na wa pili nilikuwa mimi. Tukaenda Mkuyuni. Tukamkuta Bashiru amejifungia ndani na mguu uliooza kwa kisukari, anaona aibu ile harufu. Masalu aliinama. Alimbeba mgongoni kama gunia la mpunga mpaka barabarani, akampeleka hospitali. Mguu ulikatwa, mtu akabaki. Mwaka uliofuata karani alipoita, Bashiru akajibu, "Nipo, nimepungua kidogo!" Ukumbi ulicheka mpaka karani akaangusha kalamu. Mnaikumbuka siku ile? Nani humu anaikumbuka?

Basi mfumo ulipoanza, kuitwa kukakoma. Masalu akarudi kwao Magu kulima mpunga. Mkewe alikuwa ameshatangulia, watoto wako Geita na Dar. Nilikuwa nampigia simu, hapokei, kisha ananitumia ujumbe, "Nipo salama mama, ni mvua tu." Ujumbe, jamani, hauna sauti. Mimi ambaye ningemjua kwa neno moja nilipewa maandishi, na maandishi ya mtu mgonjwa yanafanana na ya mtu mwenye afya.

Alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga. Jirani yake, Dorcas, alimletea chakula alipoweza, lakini mzee alimkataza asimwambie mtu, hakutaka kusumbua watu, na msimu wa mavuno kila mmoja yuko shambani kwake. Uhakiki ulipofika, Masalu aliishika simu akiwa amelala pale pale chini. Akafumba macho, akafumbua. Akageuza shingo kushoto na kulia. Simu ikamshukuru. Wiki ile ile akafa.

Nilipopewa taarifa nilimpigia Ndugu Chenge. Wakubwa wengine wangetuma rambirambi. Yeye alikuja Magu mwenyewe, akakaa chini nasi kwenye turubai, na jioni akanionyesha kitu ambacho pengine hakuruhusiwa kunionyesha. Ilikuwa picha ile ambayo simu ilimpiga Masalu siku ya uhakiki. Mkurugenzi, wewe umeiona? Mashavu yameingia ndani. Midomo imepasuka. Nyuma ya kichwa ni sakafu na kona ya mkeka. Mtu yeyote wa ukumbi huu, hata mjinga wa mwisho, angeiona picha ile angekimbilia stendi bila viatu. Mfumo uliitazama, ukapima macho na pua, ukaridhika kwamba ni yeye. Na ni kweli alikuwa yeye. Haukukosea hata kidogo.

Chenge akaniambia, "Mama, hakuna aliyeniagiza niulize yukoje." Akalia pale pale mbele za watu, na mimi nikalia naye. Sikumlaumu siku ile, na leo simlaumu. Nasema mbele yenu kwamba alijenga kwa uaminifu kila tulichomwomba, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angekuwa mzembe.

Baadaye alinifuata Kiseke akasema anaweza kuongeza kitufe, mstaafu abonyeze kama anaumwa. Nikamwambia, mwanangu, usiniwekee kitufe. Masalu angebonyeza kwamba ni mzima. Sote tungebonyeza hivyo! Nani kati yenu, akikutana na mtu njiani akaulizwa habari, huwa hasemi nzuri?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi, sijaja kuomba mfumo uzimwe. Asiyetaka ngazi zile zirudi ni mimi wa kwanza, magoti yangu yananijua. Ninachoomba ni kidogo, na tumeshakiomba kwa barua, tukajibiwa kwamba ukumbi umeshapata mpangaji. Tupeni siku moja kwa mwaka. Hatutaki posho, hatutaki soda. Anayeweza aje, asiyeweza asije, na jina la kila mmoja liitwe kwa sauti mbele ya watu wanaomfahamu, ili akikaa kimya pawe na watu wa kusema watamfuata. Kama si ukumbi huu, basi uwanja wa nje. Kama si uwanja, hata hapo kwenye ngazi. Mwenye magodoro tutamwomba atuvumilie asubuhi moja.

Ndugu Chenge, kuanzia kesho wewe ni mstaafu. Nasikia unahamia Kiseke, karibu, maji yanatoka mara chache lakini majirani tupo. Simu utaishika wewe sasa, utafumba macho na kufumbua mbele ya kazi ya mikono yako mwenyewe. Wengine leo wamekupa jokofu, wamekupa ng'ombe, hongera. Sisi wastaafu hatuna vitu. Zawadi yetu ni watu wawili, mimi na Mzee Bashiru. Siku utakayokaa kimya tutakufuata. Bashiru atachelewa kidogo kwa ajili ya magongo, lakini atafika.

Mshereheshaji ananitazama, namaliza. Niruhusuni tu niite, maana sijui kama humu ndani pataitwa tena.

Masalu Luhende.

Masalu Luhende.

Masalu Luhende.

Mzee Bashiru, shusha mkono, baba. Najua. Shusha. Huyu tulichelewa.

Alexander Chenge.

Hapana, sema kwa sauti, wasikie na wale wa nyuma.

Nimekusikia. Sauti yako imekauka, Modesta mpe mumeo maji. Usiku wa leo usimwache akae peke yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakushukuru kwa uvumilivu wako. Ndugu Mkurugenzi, wewe sijakuomba unijibu hapa mbele za watu, ila siku zako za kustaafu nazo zinakuja, na ningependa jina lako liwe na mahali pa kuitwa. Wastaafu wenzangu, asanteni kwa kunitegea masikio. Mkitoka, mkifika getini, kabla hamjapanda magari, naomba mmoja wenu ageuke aniite na mimi. Nitakuwa hapo kwenye ngazi nasubiri kuitikia.