Msiifagie Bustani ya Sixbert

Wasikilizaji wapendwa, jua la Oktoba limekaa juu ya Songea. Njooni tuingie kivulini pamoja, taratibu. Kivuli cha bustani ya Lizaboni. Aliyeichora ni marehemu Sixbert Komba, mbunifu wa bustani, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sitini na moja.

Kabla hajachora mstari hata mmoja, Sixbert alizunguka kiwanja kile mwezi mzima, peku. Peku, wasikilizaji. Alitafuta upepo wa jioni unapopita, akauachia njia. Upande wa machweo akapanda mikuyu na misuku kwa kupishana. Katikati akaacha nyasi. Leo unatoka barabarani unatweta, ukipiga hatua kumi ndani, shati linaanza kukauka mgongoni. Mimi hapo husahau nilikuwa naenda wapi.

Ila palikuwa na ugomvi wa majani makavu. Sixbert hakutaka yafagiwe. Yanafunika udongo, alisema, yanatunza unyevu, ardhi haiungui. Nasi tunajijua: uwanja usiofagiwa asubuhi ni aibu ya mwenye nyumba. Aliyeongoza kinamama wenye mifagio alikuwa mkewe mwenyewe, mama Kunegunda, aliyezaa naye mtoto wao Domina!

Mwaka juzi Sixbert alilazwa. Wakafagia wiki tatu, udongo mwekundu ukang'aa. Miche arobaini ikakauka.

"Nilitaka akirudi akute pako safi," mama aliniambia. "Hakunigombeza. Alivua viatu, akasema, 'Mama Domina, njoo ukanyage hapa, halafu ukanyage penye majani.' Nikamjibu, 'Mimi sivui viatu mbele za watu.'"

Mwezi uliopita, akiwa kitandani, Sixbert alimwambia, "Nikiondoka, mtaifagia." Mama hakujibu. Hilo ndilo linalomuuma.

Alhamisi tulimzika. Nyumba yao, jirani na bustani, ni ndogo, waombolezaji tukakaa bustanini. Ijumaa asubuhi kinamama wakaja na mifagio, kama ilivyo kwenye kila msiba wetu. Mama Kunegunda akainuka mkekani.

"Acheni, jamani. Mwenyewe hakupenda."

Akavua viatu mbele yetu sote. Akaingia kwenye majani, akakanyaga taratibu. Kisha akasema, si kwetu, "Kumbe pana ubaridi hivi, baba Domina."

Nililia, sifichi.

Pole sana, mama Kunegunda. Pole, Domina, na ukoo wote wa Komba. Mungu ampumzishe mahali pa amani. Nawe msikilizaji, kesho asubuhi ukishika ufagio chini ya mti wako, tafakari kidogo. Vua viatu kwanza.