Risala ya Wasoma Prufu wa Jarida la Chuo Kuhusu Tasnifu Iliyoibwa

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo; Mhariri Mkuu; wahadhiri, wanafunzi na wageni wote.

KARIBU

Karibu kwenye hafla ya tuzo ya makala bora ya mwaka. Ukumbi umeukuta unang'aa. Paa linavuja, ila tuliambiwa tusikuambie. Hata hivyo, si paa lililotusimamisha hapa. Jumatatu ijayo kuna mwanafunzi atakayefukuzwa chuoni kwa kosa la kuibiwa.

SISI NI NANI

Ndio tunaosoma kila makala kabla haijachapwa. Kwetu prufu husomwa kwa sauti: mmoja anasoma, mwenzake anafuatisha kwa kidole. Na jarida letu lina utaratibu wake: kila makala hupelekwa kwa wataalamu wawili wa nje, wasioambiwa mwandishi ni nani, waseme inafaa au haifai. Utaratibu huo ulipoheshimiwa, tulitembea vifua mbele.

YALIYOTOKEA

Mwaka huu ililetwa makala ya Daktari mmoja wa hapa chuoni, mwanamume, kuhusu maji ya visima. Haikupelekwa kwa mtaalamu yeyote. "Huyu ni mwenzetu, tunamjua," alisema Mhariri Mkuu. Tukaanza kusoma. Penye maelezo ya jinsi utafiti ulivyofanyika, msomaji akafika hapa: "Safari za visimani zilipunguzwa kwa kuwa mtafiti alikuwa na ujauzito wa miezi saba."

Mama anayepanga kurasa akauliza, "Jamani, Daktari kashika mimba na sisi hatujaambiwa?"

"Ndiyo maana siku hizi akipanda ngazi anahema," akajibiwa.

Tulicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu mjamzito huyo tulimjua. Ni mwanafunzi wa shahada ya pili anayesimamiwa na Daktari huyohuyo. Tulimwona na tumbo lake akipita dirishani kwetu, madumu ya maji mkononi, akienda maabara. Tukamwomba rasimu ya tasnifu yake, tukalinganisha. Ni ileile, sentensi kwa sentensi.

Tukampelekea Mhariri Mkuu. Akachukua kalamu, akaufuta ujauzito ule, akasema, "Nyie kazi yenu ni nukta na mkato. Chapeni." Tukakataa. Ikachapwa bila sisi.

Mwanafunzi alipowasilisha tasnifu yake, Daktari akamshtaki kwa wizi wa maandishi, na ushahidi alioutoa ni jarida letu. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu. Anayeiongoza ni Mhariri Mkuu.

CHANGAMOTO

Hapa tunatarajiwa kulalamikia uhaba wa karatasi. Upo. Ila kilichoadimika zaidi ni kuona haya. Kanuni za maadili ya uchapishaji zimebandikwa ukutani kwetu kwa herufi kubwa, na tulizipanga kwa mikono yetu. Mbona zinamkamata mwanafunzi tu? Daktari akipita pale anakuwa kipofu?

MAOMBI

Kikao cha Jumatatu kisimamishwe, na asiketi kitini mtu aliyeshika kalamu ile. Makala iondolewe jaridani, sababu itangazwe waziwazi, na mwenye kazi arudishiwe jina lake. Kuanzia sasa kila makala ipitiwe na watu wa nje, hata ikiwa ya mwenzetu. Hasa ikiwa ya mwenzetu.

Mhariri Mkuu aliikagua risala hii juzi. Aliyoipitisha ilikuwa na karibu na ahsante tu. Anayoisikia sasa ndiyo yetu.

Limebaki ombi moja, nalo haliwezi kungoja Jumatatu. Makala hiyo ndiyo iliyoshinda. Tukimaliza kusoma, mshereheshaji atakupa ngao umkabidhi Daktari, aliyekaa safu ya pili na tai ameshainyoosha. Mgeni rasmi, tunakusihi: usiitoe. Iache mezani, watu wote waione imekosa mwenyewe.

Mungu akujalie afya na umri mrefu. Na kwa dakika hizi chache tu, akufanye bahili.

Ni sisi,
Wasoma Prufu na Wapanga Kurasa wa Jarida la Chuo