Mzee Panda-Shuka na Abiria Wake Saba

Kabla ya yote salamu, maana kijarida hiki kitafika nyumbani kwake na sitaki mtu aseme nimempita kama sikumwona. Wifi yangu, mke wa mstaafu wetu, hujambo, na mgongo umekuachia? Binti mkubwa, wewe unayempokea baba yako huko, shangazi nakusalimu pamoja na mume wako. Kaka yako fundi rangi, salamu zake. Mapacha, hamjambo wote wawili, msigombane nani katajwa kwanza. Bibi mkubwa, mama yetu sote, shikamoo, na lile sikio linasikia sasa? Mjukuu Kibonge hasomi bado, basi asomewe kwamba bibi wa chai anamsalimu na biskuti zake zipo. Sisi huku kazini tu wazima, isipokuwa hilo moja nitakalolieleza.

Mzee Panda-Shuka anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, baada ya miaka thelathini na minne ya kuendesha lifti ya jengo hili. Ofisi imeniomba mimi mpika chai niandike, kwa kuwa hakuna aliyepanda naye mara nyingi kama mimi na sinia langu. Mwenye kalamu nzuri zaidi anisamehe.

Alianza kwa kufagia ukumbi wa chini. Mwendeshaji wa zamani alipoharibika miguu alimwachia kigoda na ule mkono wa shaba wa kuendeshea, akamwonyesha kibao: WATU SABA NA MWENDESHAJI. Alimwambia, weka kichwani, sheria ni hiyo moja, mengine utajifunza kwa makosa. Tangu hapo lifti haikuwahi kubeba wa nane. Wazee wa kazi tunakumbuka siku Mkurugenzi alipokuja na haraka zake akakuta saba wamo tayari. "Mimi ni Mkurugenzi," akasema. Mzee akavuta geti la vyuma taratibu. "Kibao hakimjui Mkurugenzi, mheshimiwa. Kinajua saba." Mkurugenzi alipanda ngazi, na kwa haki yake nitasema alicheka, ingawa alicheka alipofika juu na kupata pumzi.

Jina la Panda-Shuka alipewa na wasichana wa mapokezi. Kila ghorofa alikuwa anauliza, "Nani anashuka?" Hata abiria awe mmoja, tena kamwambia anakokwenda, atauliza tu. Hata lifti iwe tupu. Nimemsikia kwa masikio yangu, geti limefungwa, ndani hakuna mtu ila yeye, anauliza.

Sasa nifike kwenye sarafu, ambazo ndizo kila mtu anataka kuzisoma.

Kati ya sakafu ya lifti na sakafu ya ghorofa kuna ufa. Watu wanatoa mikono mfukoni, kitu kinadondoka, kinaingia ufani, kinakwenda shimoni. Siku ya usafi wa shimo Mzee alikuwa anatoka na vifungo, pini, na sarafu, nyingine za nchi ambazo hatujui ziko upande gani. Za watu aliwarudishia. Zisizo na mwenyewe alizitia kwenye kopo la maziwa chini ya kigoda, na kopo likajaa. Hapo ndipo kengele ya uzito ikaanza.

Kengele ile inalia lifti ikizidiwa. Ikawa inalia yumo peke yake. Fundi wa lifti akaja, akafungua, akafunga, akasema waya umeingia unyevu. Ikalia tena. Fundi akasema ni panya. Mzee akafikiri mpaka akamaliza, akatoa sarafu moja koponi akampa mlinzi, akapanda. Ikalia. Akatoa nyingine, akatoa nyingine, kwa siku nyingi, akichagua kila mara ile mbaya zaidi, iliyolika au kuliwa na kutu. Zilipobaki saba, kengele ikanyamaza. Akirudisha ya nane, inalia. Sisi wengine tungelitupa kopo zima mtoni. Yeye alichonga kisanduku cha mbao chenye vishimo saba, akaweka kitambaa cheusi, na wakakaa humo.

Nimeandika wakakaa, na sikukosea. Sarafu kwetu ni hii na ile. Kwake ni huyu na yule. "Huyu mashavu yake bado yapo." "Yule sikio limelika, hafiki mbali." Mwanzoni tulimcheka kwa lugha hiyo, kisha tukajikuta tunaongea hivyo hivyo.

Akipata nzuri kuliko aliyonayo, alikuwa anakwenda nazo mbili dirishani ghorofa ya kwanza, kwenye mwanga, akizishika kingoni tu, vidole visiguse uso. Anaibeba moja kwenye ncha ya kidole, anaigonga kwa ukucha, anasikiliza. Halafu anauliza, "Nani anashuka?" na mmoja anashuka. Aliyeshuka hupewa mtu, na kisandukuni harudi. Mhasibu wetu, kwa wema, aliwahi kumng'arishia mmoja kwa dawa ya meno. Mzee aliuangalia ule mng'aro kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Umemfuta uso mtu," akamwambia. Akamshusha, akampa mhasibu mwenyewe; mpaka leo inashikilia karatasi mezani kwake, na amekiri kwamba huwa anaigeuza kifudifudi.

Wageni walikuwa wanamuuliza kwa nini asiwe na nyingi, angalau sabini, awe na kitu cha kuonyesha. Jibu lake lilikuwa moja. "Wakiwa wengi unawahesabu tu. Wakiwa wachache wanakujua." Mwenzangu wa usafi akishalisikia hilo alikuwa anaiogopa lifti, anapanda ngazi siku nzima.

Aliyempenda kuliko wote ni wa kona ya kushoto, wa kwanza kabisa. Ni kichwa cha mama anayetazama pembeni, nywele zake unaziona uzi mmoja mmoja, kama katoka kuchana sasa hivi. Huyo hakuwahi kupata wa kumshusha.

Na binti yangu kitindamimba, ambaye leo ni karani wa ghorofa ya tatu, naye alipata wake. Alikuwa mdogo, ananifuata kazini shule zikifungwa, anapanda na kushuka na mjomba wake Panda-Shuka mpaka anasinzia kwenye kigoda. Siku moja aliyeshushwa alikuwa na tundu katikati, akapewa yeye. Anamning'iniza na funguo zake hadi leo. Miaka yote kengele haikuwahi kusema kitu juu ya huyo, na Mzee aliniambia ni kwa sababu wanajuana, wanasogea mwenzao akae.

Basi sikilizeni kilichotokea Alhamisi iliyopita.

Ofisi ilitaka kumfurahisha. Kamati ya sherehe ikakaa, ikasema maskini, miaka yote hii ana saba tu, tumpe nyingi. Wakanunua mfuko mzima wa sarafu za kila nchi, zimechanganywa, zinauzwa kwa kilo kama misumari. Iwe ya kumshtukiza. Mimi nikaambiwa nimwite Mzee chai, na mwanangu, kwa kuwa mkono wa shaba anaujua toka utoto, aupandishe mfuko akaufiche ukumbi wa juu. Kisanduku cha wale saba kilibaki mahali pake, chini ya kigoda.

Kengele tuliisikia Mzee hajamaliza hata kikombe. Lifti ilikuwa imesimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Nilitoka mbio na mikono yenye maji. Kwenye ghorofa ya tatu tulikuwa tunaona viatu vya mwanangu tu, nyuma ya geti, usawa wa vifua vyetu.

"Mama," akaniita, "humu kumejaa."

"Kumejaa nini?"

"Sijui. Nasongwa tu. Siwezi kugeuka."

Nikamwambia uko peke yako mwanangu, vuta pumzi. Akasema, "Waambie wasogee." Jamani, mimi ni mama. Nililishika geti kwa mikono miwili. Fundi wa lifti alipigiwa simu, akasema anakuja, yuko upande wa pili wa mji na asiguse mtu kitu.

Mzee akafika kwa ngazi, kifua kinapanda na kushuka. Hakumwita mwanangu wala hakuniangalia mimi. Aliweka mkono kwenye geti akauliza, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Nani anashuka?"

Kisha akamwambia mwanangu afungue mfuko. Haukupita kwenye vyuma, kwa hiyo akawa anainama kwa shida na kupenyeza sarafu kiganja kwa kiganja, nami nazipokea kwenye aproni. Zilikuwa za baridi, na Mungu anisamehe, kila nilipopokea nilisikia kama mtu ananipita begani. Mfuko ukaisha. Kengele haikuisha.

"Yumo mwingine," Mzee akasema.

"Hamna, mjomba."

"Kwenye funguo zako."

Nikasikia funguo zikigongana mkononi mwake. Halafu mwanangu akasema, "Huyu hapana, mjomba. Ulinipa mwenyewe."

Nilitaka kupiga kelele. Mpe, mwanangu, mpe hicho kipande cha bati utoke! Mzee akaninyamazisha kwa kidole. Alikaa akifikiri, na nilimwona anazeeka pale pale nilipomtazama. Mwisho akasema, "Sawa. Leo hawakubali kusogea, wameshatibuliwa. Fungua kisanduku. Nipe mama wa kona ya kushoto."

"Yeye ndiye mzuri kuliko wote, mjomba."

"Ndiyo maana. Hao wengine hawatasikia akishushwa wa ovyo."

Akampitisha kwa kingo, kama alivyofundishwa. Mzee akamlaza kiganjani, akamwambia, "Shuka, mama. Umesafiri vya kutosha." Alikuwa anamtia mfuko wa shati. Sijui vipi, akamponyoka, akatua kwa ukingo, akabingirika sakafuni bila haraka, akaingia ufani. Kengele ikakatika. Sote tulisubiri mlio wa kufika chini.

Haukuja.

Lifti ikashuka yenyewe, polepole, mpaka ikalingana na sakafu yetu. Mwanangu akatoka anacheka, halafu akalia. Blauzi niliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi ilikuwa imekunjamana mikono yote miwili, kama ya mtu aliyetoka kwenye umati.

Fundi aliingia shimoni kesho yake. Akatoka na vifungo, kalamu ya risasi, na jino la bandia ambalo mwenyewe atalifuata kwa siri mapokezi. Yule mama hakumwona. Mfuko umerudishwa dukani, na Mzee atapewa kiti cha kuegemea. Kamati imeomba radhi.

Haya ndiyo yalinifanya nikubali kuandika. Toka siku ile, mchana, saa za chai, lifti inapanda tupu hadi ya tatu, kengele inagonga mara moja, fupi, kama mtu anayeaga au anayebisha, sijui. Mwanangu anasema, "Mama, ni waya." Kisha anaingia humo humo, na funguo zake mkononi, kwa kuwa karani hawezi kupanda ngazi na mafaili. Tumemwomba Mzee afungue kisanduku ahesabu. Amekataa. Amekifunga kwa uzi, anasema hakifunguliwi tena ndani ya jengo hili, labda mama kajipandia mwenyewe, na kama kajipandia asisumbuliwe kabla ya safari.

Kwa hiyo kaka, sasa nasema na wewe. Kwa niaba ya ghorofa zote, asante. Umetupandisha tukiwa wasichana, ukatupandisha na mimba, ukatupandisha na misiba yetu, hukutubamiza geti hata siku moja. Nenda ukakae kitako. Miguu yako ipumzike, mgongo wa wifi upone, Kibonge akuchoshe kwa mema, na popote utakapokaa pasikusonge.

Ila ukifika, kabla hata ya kuvua viatu, fungua kisanduku. Wakiwa sita, ujue yule mama bado yuko huku, anapanda na mwanangu, nami nitamshusha kitindamimba wangu kwenye ngazi hata kwa kumburuta na mafaili yake. Wakiwa saba, basi amekufuata, na mimi nitalala. Tuma neno upesi, kwa simu, kwa barua, kwa mtu yeyote anayekuja huku. Neno moja linatosha.

Wako wangapi?