Rispa Kafedha, Aliyechota Mwisho

Mimi ni Margret Nyamvula, dada mkubwa wa marehemu. Familia imeniomba nisome habari za maisha yake. Nimeziandika mwenyewe, na mwandiko wangu ni wa kukokoteza, kwa hiyo mnivumilie nikisoma polepole.

Marehemu Rispa Kafedha binti Gona alizaliwa tarehe 9 Mei 1912 huko Rabai, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Gona wa Nguma na Mama Mwidani, ambaye amekaa hapa mbele yetu. Alizaliwa miaka mitatu baada yangu. Wanaomkumbuka utotoni husema hakuwa mtoto wa kulia. Ni kweli. Aliyekuwa akilia ni mimi, kwa kuwa niliteremshwa mgongoni mwa mama ili yeye apandishwe.

Mama alikuwa na desturi moja ambayo wengi wenu mnaijua. Akituchomea mhogo mmoja, humpa kisu mtoto mmoja akate, na mwingine achague kwanza. Basi anayekata hujitahidi vipande viwe sawa, maana akikosea, hasara ni yake. Mimi nilikuwa mkataji. Nilikodoa macho, nikapima kwa vidole, na bado kipande kimoja kilizidi kidogo. Rispa alikuwa akitazama vyote viwili, halafu anachukua kile kidogo. Mama alimsifu. Mimi nikabaki na kikubwa mkononi, na hakikupita kooni. Watu wazima wakacheka na kusema, huyu mdogo ana moyo. Hakuna aliyeuliza aliyekata ana nini.

Mwaka 1922 misheni ilikuwa ikipokea msichana mmoja tu kutoka kila nyumba. Baba alifikiri siku mbili. Kisha akasema, "Nyamvula ni mkubwa, mikono yake yatakiwa shambani. Kafedha aende." Marehemu alisoma hadi mwaka 1926, akajua kusoma, kuandika, hesabu na kushona. Kila likizo alirudi akachukua kaa lililozimika, akaniandikia herufi kwenye ubao wa mlango, nami nikazifuatisha nikiwa na jembe begani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Hata karatasi hii ninayoisoma leo, nimegawiwa naye.

Tarehe 18 Julai 1931, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa kanisani na Bwana Elkana Lewa, seremala. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari na Bwana Charo, ambaye ni mume mwema, na yuko pale nyuma ananisikia. Lakini Bwana Charo hajui kuunda kabati. Elkana alimtengenezea mkewe kabati la mvule lenye milango miwili, na kila nilipoingia nyumbani kwao kumjulia hali mdogo wangu, nilikuwa nikilisalimu lile kabati kwanza. Mungu aliwajalia watoto watatu, nao ni Nguma, Nyevu na Gona.

Walihamia hapa Mikindani mwaka 1934. Sisi tulikuwa tumetangulia kwa miaka minne. Nilikuwa najulikana hapa kwa jina langu. Haukupita mwaka mmoja, nikawa naitwa dadake Rispa.

Kazi ya marehemu ilikuwa kushona. Alikuwa na cherehani ya mkono, akishona sare za shule, nguo za ubatizo na viraka vya suruali za makuli wa bandarini, na hakumrudisha mtu. Hata hivyo, hamkuja hapa kwa wingi huu kwa sababu ya viraka. Mmekuja kwa sababu ya kisima, na ni lazima niseme habari za kisima.

Mtakumbuka kiangazi cha mwaka 1943. Vita vilikuwa vikipiganwa mbali, chakula kilikuwa haba, na maji nayo yakakauka. Kisima kilichobaki na maji ni hiki cha Bwana Bakari, alichokitoa sadaka kwa jirani zake wote, Waislamu na Wakristo, wa pwani na wa bara. Kilikuwa kikijaa kiasi cha kimo cha mtoto alfajiri, na jua likichomoza kimekwisha. Mwenye nguvu alichota, mnyonge akarudi na ndoo tupu. Mitungi ilivunjwa, na mwanamke mmoja akavunjwa jino.

Jumamosi tarehe 6 Februari, Bwana Bakari akatuita sote uani kwake. Akasema, "Wallahi, kisima hiki nalikitoa kwa ajili ya Mungu, sikukitoa kwa ajili ya ngumi. Kaeni mshauriane. Msipoafikiana, nitakifukia."

Tukashauriana tangu adhuhuri. Mzee Mramba alitaka maji yagawiwe kwa milango, kila nyumba ipate sawa na nyumba nyingine. Alisema nyumba inajulikana, bali vichwa huja na kuondoka. Hapo Kioko, kijana wa bandarini aliyekuwa akiishi na wenzake watano chumba kimoja, akainuka.

"Mzee, heshima yako," akasema. "Nyumba yetu ina mlango mmoja na wanaume sita. Mlango haunywi maji."

Watu wakacheka, kisha wakagombana. Wenye nyumba zenye watu wengi wakataka vichwa, wenye nyumba za watu wachache wakataka milango. Achieng, mke wa mfanyakazi wa reli, alikuwa na mapacha wachanga. Akauliza kama wanaonyonya nao ni vichwa. Mtu mmoja akamjibu kwamba maziwa si maji. Ikawa kelele.

Ndipo marehemu akasimama, akaamkia wazee, akasema, "Kiu ni ya mtu, na usafi ni wa nyumba. Kila kichwa kipate kwanza kata tatu za kunywa na kupikia. Yatakayobaki yagawiwe kwa milango, sawa kwa sawa, ya kufulia na kuogea. Na mapacha wa Achieng wahesabiwe, kwa sababu wanakunywa kupitia kwa mama yao."

Nilijua shauri limekwisha. Mimi nilikuwa nimekaa pale tangu adhuhuri nikifikiri jambo lilelile, wallahi nusu yake nilikuwa nayo ulimini, naye akaniwahi. Bwana Bakari akasema anayekubali asimame upande wa ukuta. Wote wakasimama upande wa ukuta. Kisha akauliza nani agawe. Wakamtaja Rispa. Mzee Mramba, kwa kunionea haya nadhani, akasema hata dada yake mkubwa anaweza. Basi wanaomtaka Rispa wakaambiwa wabaki ukutani, na wanaonitaka mimi wavuke. Walivuka wanawake wawili, jirani zangu wa mlango kwa mlango. Bwana Charo hakuvuka.

Ndipo niliposimama. Nikasema, "Basi kuwe na sharti. Mgawaji achote mwisho, baada ya watu wote, na apate kilichobaki. Kisipobaki kitu, asipate."

Wakapiga makofi. Mzee Mramba akasema, "Hiyo ndiyo hekima ya mkubwa." Marehemu akanitazama, akasema, "Dada amesema vyema. Nakubali."

Tangu siku hiyo, kila kiangazi kwa miaka sita, marehemu alikuwa kisimani kabla ya mtu yeyote, na kata yake ya kifuu. Aliwajua watu wote kwa vichwa. Mgeni akilala kwako, alijua kabla hujamwambia. Mtu akifiwa, alijua kupunguza bila kumtia uchungu, akimpa zamu ya huyo aliyekufa siku saba nzima. Mwenye kelele na asiye na kelele walipata sawa. Nami nilikuwa wa mwisho kuondoka, nikijifanya nakunja ngata ya kutwikia ndoo kichwani, nimtazame akichota. Nilingoja mgema asifiwe, atie tembo maji. Nilitaka kuona kata moja tu ikiingia ndooni mwake kabla ya wakati. Sikuiona. Mara nyingi alichota tope, akalipeleka nyumbani, akalichuja kwa kitambaa, akalingoja litulie.

Jambo moja halijui mtu ila mimi na yeye. Mwezi Machi mwaka 1946, siku ya Alhamisi, maji yaliisha kabla hayajamfikia. Adhuhuri alikuja mlangoni kwangu.

"Hodi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Leo sikupata. Nyevu ana homa. Naomba kata mbili tu, kesho nitakurudishia."

Nikamwambia, "Zamu yangu nimeipikia yote."

Nyuma ya mlango palikuwa na mtungi wangu, umejaa hadi shingoni. Sikuwa na haja nao siku ile. Nilitaka ajue kuomba. Nilitaka, mara moja maishani, kitu kiwe kwangu na kisiwe kwake. Akasema, "Haya dada, si neno," akaenda. Maji alipewa na kina Kioko, wanaume sita wa mlango mmoja. Alfajiri ya pili nikapanga foleni pamoja na wengine, naye akanipimia kata zangu kamili, akauliza hali ya watoto. Sikupunguziwa hata tone. Laiti angenipunguzia, tungekuwa tumelipana.

Marehemu alianza kuugua tarehe 20 Januari mwaka huu wa 1949, kwa homa na tumbo. Alitibiwa kwanza nyumbani, kisha akapelekwa hospitali kisiwani tarehe 2 Februari. Daktari alisema ni homa ya matumbo. Hakusema ni maji ya chini ya kisima, wala mimi sikumuuliza. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia, na Kioko aliyeshika kata kwa muda wote huo.

Nilimtembelea siku ya Ijumaa, tarehe 11 Machi. Alikuwa amekonda, lakini akili yake ilikuwa timamu. Hakuniuliza habari zangu. Aliuliza, "Dada, leo yametosha?"

Nikamwambia yametosha. Kisha nikaona nisiposema siku ile sitasema tena. Nikamwambia, "Kafedha, lile sharti sikulitoa kwa hekima."

Akasema, "Najua. Ulitaka niibe."

Nikashindwa kumtazama. Kisha akasema, "Lakini lilikuwa sharti jema, dada. Bila lile, wasingeniamini hata mwezi mmoja."

Mimi nilikwenda pale kuomba msamaha, nikatoka nimeshukuriwa. Niseme kweli mbele ya Mungu na mbele yenu: nilipokuwa nikishuka ngazi za hospitali nilikuwa na hasira. Hata wivu wangu alijua kuutumia kuliko mimi mwenyewe.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 13 Machi 1949, saa mbili za asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Sasa wazee wangu, hapa ndipo wasifu ungeishia, nami ningekunja karatasi nikakaa. Lakini jana alasiri, tukiwa matangani, Mzee Mramba alikuja na watu wa kisima. Walisema kiangazi hakijaisha, na Kioko ana kazi ya bandarini, na kisima hakiwezi kukaa bila mgawaji. Wakasema wameshauriana, wote wamekubaliana juu ya jina moja, jina langu. Mzee Mramba akaniambia, "Wewe ndiwe uliyetuletea sharti la mgawaji kuchota mwisho. Bila wewe tusingekuwa na Rispa."

Miaka sita nimelingoja neno hilo. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Na jana lilipokuja nilinyamaza, nanyi mkadhani ni msiba. Haukuwa msiba. Nilikuwa nafurahi, na ndugu yangu hajazikwa bado. Usiku nikaiandika karatasi hii upya, kwa kuwa ya kwanza haikuwa na habari za uani kwa Bwana Bakari wala za mtungi.

Basi watu wa kisima, mlimchagua mwenye hekima, na mtu huyo hakuwepo siku ile. Aliyekuwepo ni huyu anayesoma. Mmekwisha kumsikia alivyo. Tukitoka hapa, rudini mkakae tena, mshauriane tena, na nyumba yangu msiihesabu katika wanaosema. Mkimpata mwingine, nitapanga foleni. Mkinirudia mimi hata baada ya haya, nitachota mwisho.

Marehemu amewaacha mumewe, Bwana Elkana Lewa; watoto wake Nguma, Nyevu na Gona; mama yake mzazi, Mama Mwidani; shemeji yake, Bwana Charo; na dada yake mmoja, Margret Nyamvula, ambaye angali akimwonea wivu.

Kafedha, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Na huko uendako, wakikupa kwanza, pokea.