Jua Lililokausha Mbegu za Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Asubuhi hii jua limeingia mpaka kwenye mabenchi ya nyuma, na mimi siwezi kunyamaza.

Mimi ni mzaliwa wa Bihambwe, milimani. Kule ukungu hauna haraka. Tukishavuna maharagi, mama yangu alitandika mkeka mbele ya nyumba, akakaa kungoja. Ukungu ukiondoka tu, anapiga vigelegele! Sisi watoto tulimcheka.

"Mama, unapokea nani?"

"Mugeni! Mungu njo amemutuma. Mumusalimie!"

Basi tulilisalimia jua, mikono juu, halafu tukaenda kufukuza kuku. Ee ndugu zangu, harufu ya yale maharagi yakipata moto wa jua! Naikumbuka mpaka machozi yananitoka.

Mama alipofariki, aliniachia mbegu zake. Na vita vilipotufukuza, nilizifunga katika kitambaa cha kikwembe changu, nikakimbia na watoto wangu mpaka misitu ya Walikale. Njiani mvua haikutuhurumia. Tulipofika, mbegu zilikuwa zimeloa, zimeanza kunuka. Na chini ya miti ile mikubwa, jua halifiki! Sikuwa na kitu kingine cha mama duniani. Zikioza, nimemzika mara ya pili.

Nikaona wenyeji wanakausha samaki kwenye kichanja juu ya moto. Nami, mtu wa milima, nikaweka mbegu zangu palepale! Mama Sifa, aliyetupokea nyumbani kwake, akazishusha mbio.

"Dada, unakausha ao unapika? Mbegu yenye kuonja moto haioti! Tutafute jua."

"Jua gani? Huku iko wapi?"

"Iko kidogo. Lakini iko."

Akanipeleka mahali ambapo mti mkubwa ulikuwa umeanguka. Pale mwanga ulishuka mpaka chini, upana wa mkeka mmoja tu. Tukaweka ungo. Lakini jua linatembea, ndugu zangu! Likisogea, nasi tunasogeza ungo, tunalifuata kati ya mizizi. Nililia kwa hasira: "Bwana, kwetu ulitupatia mulima muzima, huku unanipimia kipande?"

Hapo ndipo harufu ile ilipopanda. Harufu ya mbele ya nyumba yetu! Vigelegele vikanitoka bila kupanga. Mama Sifa alishtuka, halafu naye akainua mikono. Nikajua Mungu wa Bihambwe amenifuata mpaka msituni. Ule uchungu uliokuwa umenikaba tangu tukimbie, aliuondoa siku ile. Haleluya!

Mbegu nyingine zilioza, siwafichi. Zilizobaki nilizipanda Walikale, zikazaa, nikazibeba mpaka hapa Mweso. Bihambwe sijarudi bado. Natamani sana kuuona ule ukungu ukiondoka.

Ndugu yangu ambaye moyo wako umeloa, usiuanike juu ya moto wa hasira. Utoe nje mbele ya Yesu, hata kama mwanga unaouona ni kidogo. Ufuate tu unakosogea.

Sasa, pale mlangoni nimeweka ungo wa maharagi ya mama. Kila mtu achukue konzi moja akapande. Na siku mtakapoanika mavuno yenu, jua likitokea, mumpigie mgeni vigelegele. Mama yangu hayupo tena wa kumpokea.